Damu ya Siku ya Nane

Biharamulo Mjini
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Generoza,

Assalaam aleykum, au Tumsifu Yesu Kristo, pokea inayokukaa vizuri. Sisi tumefika salama. Dada Mwanaheri kidonda cha shingoni kimeanza kukauka tangu watoe lile tezi, na sauti imerudi. Imerudi na makelele yake yote, kiasi kwamba waliokuwa wanamwombea apone sasa wanamwombea apumzike kidogo. Haji mzima, watoto wazima, duka lipo.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu unazozijua. Simu yangu hapa dukani ni ya kila mtu. Nisipokuwepo anapokea mume wangu Haji, asipokuwepo yeye anapokea mwanangu Anuar, na siku nyingine nimekuta mteja ameipokea. Ya kwako ndiyo hiyo ya mumeo Gaspari. Huyu aliyekuletea bahasha anaitwa Anold, dereva wa Fuso la kaka yangu Shaban. Anakuja huko Bugarama kila baada ya wiki mbili, Jumanne, kuchukua maharage. Si mtu wa maneno. Jibu mpe yeye mkononi.

Nimekuwa nikikuwaza. Siku kumi na moja nimemuuguza dada pale Mwanza, na kitanda cha pili ni wewe, umevimba miguu na uso, huna wa kukushika mkono. Siku walipokuchoma sindano mgongoni kuchukua kinyama cha figo wakakipime, mimi ndiye niliyekulisha uji kwa kijiko. Saa sita umelala chali, hugeuki, nesi anakuja kila robo saa kupima presha na kuuinua mkojo wako dirishani autazame kwenye mwanga. Wa kwanza ulikuwa na uwekundu kidogo, wa tatu ukawa safi. Daktari Bulugu akasema vizuri. Nilifurahi kama aliyesifiwa ni mimi.

Sasa lile jambo langu. Duniani wewe peke yako ndiye uliyeligusa. Lipo palepale, titi la kushoto, ukubwa wa kokwa la zambarau, haliumi. Yule daktari aliyempasua dada amenipangia tarehe 10 Septemba nirudi, naye anitoe kinyama kwa sindano. Nilikuambia nitakwenda ikiwa wewe utatoka salama, na neno langu ni hilohilo. Basi niambie umetokaje. Tuliahidiana tusifichane.

Wako,
Fathiya


Bugarama, Ngara
13 Agosti 2024

Mpendwa dada Fathiya,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata leo. Anold anapakia magunia kwa jirani na amesema atamaliza baada ya saa moja, kwa hiyo naandika hapahapa jikoni.

Majibu yangu yametoka. Daktari Bulugu alipiga simu wiki iliyopita, Gaspari akanipa niongee. Amesema si kansa. Ni mwili wangu wenyewe unaozishambulia figo, na bila kile kinyama wasingejua watumie dawa ipi. Nimeandikiwa vidonge vingi vya asubuhi na vingine vya presha, nimevichukua kituo cha afya. Miguu inapungua. Jumapili nimevaa viatu vyangu vya kanisani, sijavivaa tangu Pasaka.

Umesema tusifichane. Basi liko jambo moja. Waliniambia nisibebe kitu kizito wiki mbili. Tarehe 2, siku ya nane tangu nichomwe sindano, tulikuwa tunatoa maharage ya bondeni. Mama mkwe alikuwepo, mawifi walikuwepo, kila mtu amebeba, na mimi nimesimama mikono mitupu kama mgeni. Nikajitwika nusu gunia. Jioni ile mkojo ukatoka kama chai ya rangi iliyokolea, kesho yake ukawa mwekundu kabisa, una mabonge kama vipande vya maini. Nikalala siku mbili. Nikasema ni malaria. Siku ya tatu ukaanza kuwa safi, na mpaka leo ni safi.

Gaspari sijamwambia. Hakutaka niende Mwanza. Alisema mbele ya kaka zake kwamba mtu hatobolewi figo akapona. Nikimwambia leo kwamba nimetoa damu, nitakuwa nimempa ushindi, na kliniki ya mwezi wa kumi sitakwenda. Daktari naye sijamwambia, maana ninaongea naye kwa simu ya Gaspari, na Gaspari amekaa pembeni.

Hiyo ndiyo hali, dada. Mengine ni mazuri. Wewe nenda tarehe yako.

Mdogo wako,
Generoza


Biharamulo Mjini
25 Agosti 2024

Generoza,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne.

Umenieleza kweli, nakushukuru. Lakini sasa na mimi nikuambie kweli. Siendi. Nimekaa hapa nimepima jambo lote. Wewe ulitoka wodini mzima, daktari amefurahi, na siku ya nane damu ikatoka mabonge. Mimi nina kitu kisichoniuma wala kunikosesha usingizi, halafu nijipeleke mwenyewe nikachomwe? Hapa mtaani alikuwepo mama alichomwa sindano ya uvimbe, na ndugu zake wanasema tangu hapo ule uvimbe ulikasirika ukaenea. Najua utasema hayo ni maneno ya watu. Wenye maneno hao ndio waliomzika.

Haji sijamwambia, na nisipokwenda hakuna haja ya kumwambia.

Nijibu jambo moja tu. Damu imerudi tena? Maana nasikia moyoni kwamba imerudi. Kama imerudi nitajua sikukosea.

Fathiya


Bugarama
27 Agosti 2024

Dada Fathiya,

Shikamoo. Hapana, haijarudi. Hata tone. Tangu ile wiki mkojo ni safi kama maji ya kunywa. Nimelima kidogo, nimeshuka mtoni na kupanda, sina shida yoyote. Umesikia moyoni vibaya.

Ile damu ilikuwa kosa langu na gunia langu. Halafu kumbuka nesi alivyotueleza mimi na wewe, uliposhangaa kwa nini nilazwe chali saa sita. Alisema figo iko ndani, mkono haufiki, kwa hiyo wanakulaza mshipa ujizibe wenyewe. Titi liko nje. Mshipa ukitoboka wanaukandamiza kwa kiganja mpaka damu iache. Ukubwa wa hatari si mmoja.

Yule mama wa mtaani kwenu, muulize mtu anayejua alikwenda hospitali uvimbe ukiwa na ukubwa gani. Wako ni kokwa. Nenda ukiwa kokwa. Mimi nisingekwenda, wasingejua dawa yangu.

Umesema utakwenda nikitoka salama. Nimetoka salama. Sasa timiza.

Naandika kwa ufupi, kuna kazi ya jumuiya na mimi ndiye katibu.

Generoza


Biharamulo Mjini
9 Septemba 2024, asubuhi

Mdogo wangu,

Umeshinda. Basi linaondoka saa nne na mimi nimeshafunga begi.

Haji nimemwambia Ijumaa baada ya sala. Nilitegemea atalia au atapiga kelele. Akaniuliza tu tangu lini. Nikamwambia tangu mwezi wa tano. Akasema, "Miezi minne tunalala chumba kimoja." Tunakwenda wote, duka tumemwachia Anuar.

Nakwenda kwa sababu ya barua yako. Sitaki ujione una kosa likitokea jambo, ila ujue hivyo: nilikuwa nimeshakata shauri nisiende, na ni hilo neno lako "hata tone" lililonigeuza.

Anold anakuja huko kesho. Nimemfungia kilo mbili za sukari na doti ya kitenge. Sukari ya watoto, kitenge ni chako, usimpe wifi.

Niombee.
Fathiya


Mwanza
13 Septemba 2024

Kwa Bi. Fathiya, Biharamulo.

Mimi ni Gaspari, mume wa Generoza. Hunijui na mimi sikujui, ila sasa nimesoma barua zako zote tatu.

Ilivyotokea ni hivi. Jumapili tarehe 8 Generoza alianguka kanisani wakati wa matoleo. Tulimpeleka hospitali Ngara. Alikuwa mweupe kama karatasi na alikuwa hawezi kukojoa, tumbo limejaa, kwa sababu mabonge ya damu yalikuwa yameziba njia. Walimwekea mpira wa mkojo, wakasafisha kibofu kwa maji, ikatoka damu tupu. Wakamwongezea damu chupa mbili. Jumanne wakaandika rufaa ya kurudi Mwanza. Nikarudi nyumbani mbio kuchukua nguo, ndipo dereva wako akafika. Alikataa kunipa bahasha, akasema ameambiwa ampe mama mkononi. Nilipomweleza mama yuko wapi, alinipa, akakaa chini kwenye mzigo wake.

Nikaifungua. Nikasoma "hata tone." Nikazitafuta nyingine, nikazikuta ndani ya kitabu cha nyimbo.

Huku Mwanza wamempima kwa altrasaundi ile inayoonyesha damu kwa rangi. Daktari Bulugu aliniita nitazame. Anasema sindano ya mwezi wa saba ilitoboa mshipa ndani ya figo, na mahali pale mshipa umevimba kama kipovu chenye ngozi nyembamba. Presha ikipanda, kipovu kinavuja. Wanataka kuingiza mpira mwembamba kama uzi kupitia mshipa wa pajani, upande mpaka kwenye figo, wapazibe kwa ndani. Daktari wa kufanya hivyo yupo, vifaa vimeagizwa Dar es Salaam, vinakuja kesho kutwa. Wakati tunasubiri anaongezewa damu. Kama hawawezi kuziba watatoa figo yote. Generoza ametia saini na mimi nimetia ya ndugu.

Sikuandikii kukueleza habari za hospitali. Nakuuliza. Wewe ulijua mke wangu anatoa damu tangu mwezi wa nane. Mimi nalala naye nilikuwa sijui. Kwa nini alikuambia wewe? Na ulipojua, kwa nini hukumtafuta mtu yeyote wa kumsaidia?

Habari ya ugonjwa wako nimeisoma bila ruhusa. Sijamwambia mtu na sitasema.

Usinipigie simu. Kwa simu naongea vibaya, hasa nikiwa na hasira. Bahasha hii naipeleka stendi kwenye basi.

Gaspari


Biharamulo Mjini
14 Septemba 2024

Shemeji Gaspari,

Salaam aleykum. Barua yako imefika leo mchana, na kondakta aliyeileta anaondoka na jibu hili jioni hii.

Nitajibu ulivyouliza. Damu ya kwanza nilijua. Aliniandikia tarehe 13 Agosti na akasema imekwisha. Nilichofanya baada ya kujua ni kujiogopea mwenyewe. Nilimjibu kwamba na mimi sitakwenda kupimwa. Sikumwambia arudi hospitali. Sikumpigia hata nesi, na namba yake ninayo. Hilo ni kosa langu, wala sina la kujitetea. Nilipomuuliza kama imerudi, akasema hata tone. Nilimwamini kwa sababu ndivyo nilivyotaka kusikia.

Kuhusu kwa nini aliniambia mimi badala yako: shemeji, ulisema mbele ya kaka zako kwamba mtu hatobolewi figo akapona. Mwanamke akishasikia hivyo, siku akiona damu ataipeleka wapi?

Nisamehe kama nimekuumiza. Na mimi mume wangu nilimficha miezi minne, wala hakuwa amesema lolote.

Tarehe 10 nilifanyiwa. Tulikuwa Mwanza siku moja kabla yenu, tumeondoka alfajiri ya tarehe 11, nadhani tumepishana na gari lenu la wagonjwa barabarani. Nilimwambia daktari kabla hajashika sindano: rafiki yangu alitobolewa mshipa, na mimi nataka kujua mtafanya nini nikitobolewa. Hakukasirika. Aliniuliza dawa ninazokunywa. Nikamtajia ile aspirini ndogo ya presha, kumbe huchelewesha damu kuganda, na nilitakiwa niulizwe mapema. Akatafakari, akasema ataendelea lakini atabana muda mrefu zaidi. Kweli mshipa mdogo ulitoboka. Nesi alikandamiza kwa mikono miwili dakika ishirini, jasho linamtoka, halafu akanifunga bandeji ya kubana. Nimerudi na bonge jeusi la ukubwa wa yai, linaanza kugeuka manjano. Basi. Majibu wiki tatu.

Mwambie Generoza sijamkasirikia. Hapana, usimwambie hivyo, si kweli. Mwambie apone.

Fathiya


Mwanza, wodini
24 Septemba 2024

Dada Fathiya,

Shikamoo. Naandika nimekaa, nimeegemea mto. Gaspari ameshika karatasi isiteleze, lakini hasomi, amegeukia dirishani.

Waliniziba tarehe 16. Nilikuwa macho. Walinichoma ganzi kwenye nyonga tu, hapo mguu unapoanzia. Sikusikia maumivu, nilisikia joto likipita tumboni walipotia dawa ya kuonyesha mishipa. Waliitia kidogo sana, kidogo tena, kwa sababu ile dawa nayo si rafiki wa figo mbovu. Kwenye kioo niliiona figo yangu kama mti usio na majani, na kwenye tawi moja kuna tunda jeusi. Hapo ndipo. Yule daktari aliingiza vizibo vidogo vya waya uliojikunja, kimoja, kingine, mpaka tunda likapotea. Akasema kipande kidogo cha figo kimepotea, sehemu iliyobaki yote ni nzima. Halafu nikalazwa chali, mguu umenyooka, kama mara ya kwanza. Kesho yake mkojo ukawa kama chai, keshokutwa yake kama chai ya maziwa iliyoingia maji mengi, sasa ni wa kawaida. Nimeongezewa damu chupa tano zote pamoja.

Daktari Bulugu alikuja akakaa kwenye kiti, hakusimama kama wanavyosimama. Akasema mbele ya Gaspari, "Sindano ile niliishika mimi. Hutokea kwa wachache hata ukifanya kila kitu sawasawa, na kwako imetokea." Gaspari alikuwa amejiandaa kugombana naye, nilimwona alivyokunja mikono. Hakupata pa kuanzia. Halafu daktari akanigeukia akaniuliza ilianza lini. Nikasema siku ya nane. Akasema ningerudi siku ile, pengine angenilaza tu, anipime kila siku na kuishusha presha, kwa sababu vipovu vingi vya namna hii hujiziba vyenyewe mtu akitulia. Na angenifungia vidonge vya presha zaidi. Vyangu vilikuwa vimekwisha tangu tarehe 22 Agosti, kituo cha afya hakuna, na sikumwambia mtu anifuatie Ngara.

Sasa na wewe nikueleze. Damu ilirudi tarehe 20 Agosti. Ikarudi tarehe 25, siku mbili kabla Anold hajaja. Nilipokuandikia "hata tone" kulikuwa na kopo chini ya kitanda limefunikwa kwa sahani. Sikulima wala sikushuka mtoni. Nilikuwa nikisimama naona giza.

Niliisoma barua yako nikaona kwamba ukisikia kweli hutakwenda. Nilikuwa nimeligusa lile jambo lako kwa vidole vyangu. Shangazi yangu kule Kibimba alikuwa na kama hilo, gumu, halisogei, haliumi. Tulimzika akiwa na umri wako. Sikukuambia wodini kwa sababu hukuniuliza. Basi nikaandika vile. Niliona damu yangu itakwisha yenyewe kama mara ya kwanza, na wewe utakuwa umeshakwenda.

Nesi amesema niache kuandika nipimwe.

Generoza


Biharamulo Mjini
20 Oktoba 2024

Generoza,

Anold amekuja huko tarehe 8 mikono mitupu, na najua ulimtazama mikono. Nilikaa kimya makusudi.

Majibu yangu yalitoka tarehe 1. Ni kansa. Sentimita mbili. Kwapani hawakuona kitu. Daktari alisema nimewahi, akalisema mara tatu, Haji akaniminya mkono kila mara. Tarehe 10 wameondoa titi. Nimerudi nyumbani na mpira wa kutoa maji ubavuni, juzi wameutoa. Mwezi wa kumi na moja naanza dripu za dawa, wamesema nywele zitaondoka. Dada Mwanaheri ameshaninunulia mitandio sita kama nina vichwa sita.

Nimemwuliza daktari: ningekaa mpaka mwakani? Akasema hilo hawezi kulijua, ila lisingebaki sentimita mbili. Kwa hiyo hesabu yake ni rahisi. Ungesema kweli, ningekaa nyumbani. Ulisema uongo, nikaenda, nikapona, au niseme nitapona, inshallah.

Sasa unataka nikushukuru? Nimejaribu. Nimekaa na kalamu siku tatu nikijaribu. Kila nikianza naliona lile kopo chini ya kitanda, limefunikwa kwa sahani, na wewe juu yake unaniandikia mkojo safi kama maji ya kunywa. Ungekufa, Generoza. Ungekufa ukawaacha watoto wako wanne, na mimi ningekaa hapa mzima, ninauza vitenge, nikijua ni kwa ajili ya woga wangu. Hukunipa nafasi ya kuchagua. Ungeniambia, "Ninatoa damu na ninarudi hospitali, twende wote," ningekuja. Nadhani ningekuja. Sasa hata hilo sitalijua.

Usiniandikie kunibembeleza. Nina swali moja na nataka ulijibu bila kuzunguka: siku ile ingerudi, ungeniandikia tena vile?

Fathiya


Bugarama
22 Oktoba 2024

Dada Fathiya,

Shikamoo. Anold ameniambia amepewa amri asubiri jibu hata kukiwa na giza, lakini sitamchelewesha.

Kwanza habari za mwili, zote. Presha ya leo asubuhi ni mia moja thelathini na nane kwa themanini na nane. Kituo cha afya wamenipima Ijumaa, mkojo hauna damu hata kwa kipimo kile cha kijiti. Protini bado ipo lakini imepungua. Uso umevimba kidogo kwa ajili ya vidonge, watoto wanasema nimenenepa. Usiku naamka mara mbili kutazama mkojo kwa tochi, hata kama haunihimizi. Woga bado ninao. Jana nilihisi maumivu kidogo mgongoni nikamwambia Gaspari papo hapo, akawasha pikipiki kabla sijamaliza sentensi. Yalikuwa ya kulala vibaya. Tukiwa njiani kurudi kutoka zahanati akasema, "Bora safari ya bure." Vidonge vya presha sasa anafuata mwenyewe Ngara, ana tarehe zake ukutani. Mbele ya kaka zake amesema alikosea. Alisema kwa Kihangaza na kwa sauti ndogo, lakini amesema.

Tarehe 8 nilimtazama Anold mikono, ni kweli. Nikajua umekufa au umekasirika. Nikaomba uwe umekasirika.

Pole kwa titi, dada. Nimeandika "pole" nikaifuta mara mbili, haitoshi, lakini sina neno lingine.

Sasa swali lako. Nililipeleka kwa padre kabla hujaliuliza, maana nilikwenda kuungama uongo ule. Aliniuliza kama nautubu. Nikamwambia natubu kuwaficha mume wangu na daktari, hayo natubu kabisa, nilikuwa nawaacha watoto wangu kwa ajili ya aibu ya gunia. Akasema, na ule wa kumwandikia rafiki yako? Nikanyamaza. Akanisubiri sana. Akasema nirudi nikiwa tayari.

Nimefikiri tangu siku ile. Wewe na padre mnataka jibu moja, na mnastahili kulipata. Ningeweza kuliandika hapa, ni neno moja, hapana, halafu ungenisamehe na yeye angeniondolea dhambi. Lakini nimekaa na kalamu mpaka Anold amemaliza kupakia, na siwezi. Uko hai, sentimita mbili. Nikiandika hapana nitakuwa nimekudanganya mara ya pili.

Mdogo wako,
Generoza